Mkagua Miguu wa Kanamkemer

Nilianza kumwogopa Mwalimu nikiwa darasa la nne kule Kakuma. Kenge wake nikaja kumwogopa baadaye, nikiwa mama wa watoto watatu hapa mtaani Kanamkemer, Lodwar. Kwa hiyo nikikusimulia habari za mtu huyu, ujue nasimulia nikiwa na tumbo joto. Njia nyingine ya kumkumbuka sina.

Jina analo, na nusu ya Lodwar, alikofundisha baadaye, wanalijua, lakini mimi sijawahi kulitamka. Kwangu ni Mwalimu tu. Alipostaafu akaja kupanga chumba kwenye ploti yetu, mlango wake ukitazamana na wangu, nilishindwa kulala. Mwanamke mzima, nina kibanda changu cha chai na chapati, wateja wananiita Mama, na bado nikisikia akikohoa nilikuwa nanyoosha mgongo. Akinisalimu "ejok" asubuhi, naitikia kama niko gwarideni.

Shuleni, walimu wengine walikagua kucha na kola. Yeye alikagua miguu. Kila Jumatatu alitupanga mstari kwenye mchanga, tunavua viatu, wale wenye viatu, halafu tunainua mguu nyuma kama mbuzi anayetazamwa kwato. Sindano aliichomeka kwenye kola ya shati, kibano kilikaa mfukoni. Mwiba wa mti wa mathenge ukiingia na kuvunjikia ndani huwa hausemi kitu siku ya kwanza, lakini yeye alikuwa anaupata. Alibonyeza kwa kidole gumba, anakutazama usoni, na uso wako unakusaliti. Aliyekutwa na kidonda alichokificha alikula viboko viwili. Kimoja cha kidonda, alisema, na kimoja cha kunyamaza.

"Huku kwetu mguu ndio kila kitu," alituambia. "Mguu ukioza, wewe ni mzigo wa mwenzako."

Tulimchukia, wacha nisiseme uongo. Lakini kuna Jumatatu moja aliletwa msichana mrefu kutoka Sudan, upande wa kusini, amefika kambi ya wakimbizi juzi tu na kwao walitoka kwa miguu. Zamu yake ilipofika, Mwalimu aliinua mguu wake, akautazama, akauweka chini taratibu. Hakuchomoa sindano. Alivua akala zake mwenyewe za tairi akamvalisha yule msichana, akaingia darasani peku na kufundisha hesabu mpaka saa sita. Nyuma yangu mtu alicheka kuona vidole vya Mwalimu. Tulichapwa darasa zima, safu kwa safu, na mwalimu peku. Hapo ndipo nilipoacha kujaribu kumwelewa.

Na mtu huyu mwenye elimu yote ya miguu alikuwa na ugonjwa wa sukari, na bado alikunywa chai ya vijiko vitatu vya sukari. Najua kwa sababu nilimpikia mimi. Nikipunguza kijiko, anarudisha kikombe. Kadi yake ya kliniki aliitumia kufunikia kikombe hicho nzi wasiingie, mpaka ikawa na duara la kahawia katikati. Akala alizovaa ni za tairi lililokwisha, kisigino kimebaki kama karatasi, na akiona mtoto wa ploti anakimbia peku anamfokea. Nilipomuuliza kwa upole kama ameenda kupima, aliniambia miguu yake haimsumbui kabisa. Hata hasikii kitu, alisema, kwa fahari, kama mtu anayesifu mali yake.

Sasa kenge.

Vijana walikuwa wanachimba mtaro wa bomba nyuma ya ploti, wakamfukua. Alikuwa mdogo, urefu wa mwiko wa ugali. Walishainua sepetu wamkate, Mwalimu akatokea mlangoni na kikombe chake akasema, "Wekeni chini." Wakaweka. Wote walikuwa wamepita mikononi mwake, sepetu zilishuka zenyewe. Akamfunika kenge na shati lake kuukuu, akaingia naye ndani, na kuanzia siku hiyo mimi sikuingia tena kwa Mwalimu.

Mimi naogopa kila kinachotambaa. Mjusi wa ukutani ananitoa kitandani. Na huyu hakubaki mwiko. Mwaka ulipopita alikuwa mrefu kuliko mkono wangu, mkia kama kiboko, ulimi umegawanyika mara mbili unatoka na kurudi, unatoka na kurudi. Bibi yangu alituambia tangu utotoni kwamba kenge akikuuma haachii mpaka ngurumo ipige. Sasa fikiria mwenyewe. Lodwar! Hapa unaweza kuingoja ngurumo mpaka mtoto aanze shule.

Mwalimu alimjengea banda la waya na mbao kando ya mlango, na kila siku nikikanda unga nilimwona akifundisha. Wiki za kwanza hakumgusa kabisa. Alikaa tu kando ya banda na gazeti, saa nzima, asiongee, ili yule mnyama aizoee harufu yake na kivuli chake. Shati lile kuukuu alimwachia alilalie. Baadaye akaanza kutia mkono ndani, kutokea ubavuni na chini chini, kamwe si kutokea juu. Alinieleza kwamba kwa kenge kinachotoka juu ni mwewe. Chakula alikishikisha kwa kile kibano cha miiba, si kwa vidole, ili kidole kisije kikafanana na chakula. Panzi, mende wa kinyesi, yai bichi. Na hakumlisha kabla jua halijampiga vizuri, maana kenge baridi hawezi kumeng'enya, chakula kitamwozea tumboni.

Nilikuwa nasikia haya yote kutoka kibandani bila kutaka. Tena nilihusika, kwa sababu wanawake wanaoleta samaki kutoka upande wa Kerio huparia na kutumbua samaki kwangu, na matumbo ya samaki Mwalimu aliyataka. Nilimrushia mfuko kutoka mbali. Anacheka. Ndiyo, alikuwa anacheka siku hizo, meno yote nje, mtu ambaye tulidhani hana meno.

Nikikwambia sikuona wivu nitakuwa nadanganya. Sisi alitufundisha kwa kiboko, kenge akamfundisha kwa yai. Siku moja nilijikaza kisabuni nikamwambia hivyo hivyo. Alikuna kidevu. Akasema kenge hatishiki. Ukimpiga anasahau ulichotaka, anakumbuka fimbo tu. Nikamwambia, na sisi je? Aliomba chai.

Mara nyingi alinisihi nisogee. Aliniambia kwamba siku moja nitamlisha mimi, yeye asipokuwepo. Nikamwambia siku hiyo mimi ndiye sitakuwepo.

Halafu mwaka jana, msimu wa upepo wa vumbi, aliniita akiwa na furaha ambayo sijawahi kuiona kwake. Kenge alikuwa ameachiwa uani. Mwalimu alikaa kwenye kiti chake cha kamba, mikono mitupu, hana yai, hana panzi. Yule mnyama alitoka kivulini, akavuka uwanja wote akizungusha mabega, akaenda moja kwa moja mpaka mguu wa kushoto wa Mwalimu. Akaupapasa kwa ulimi. Akazunguka. Akaurudia. Mara tatu aliurudia mguu ule ule.

"Umeona?" Mwalimu alisema. "Hana haja na chakula sasa. Amenizoea mimi mwenyewe."

Mimi nilikuwa mlangoni kwangu, nimeshika fagio mbele kama ngao. Upepo ulikuwa unatoka kwake kuja kwangu, na ulileta harufu. Harufu mbaya, nzito. Niliisikia vizuri, na nikajiambia ni yale matumbo ya samaki niliyomrushia jana. Kama ningesogea hatua kumi ningejua. Sikusogea kwa sababu ya woga. Nilimwambia hongera, nikafunga mlango.

Siku zilizofuata alimwachia kila asubuhi, na kila asubuhi kenge alikwenda pale pale. Mwalimu aliwaita majirani waje waone. Alikuwa na raha mno hata chai akasahau kuidai. Na harufu ilizidi, nami nikawalaumu wanawake wa samaki, nikawafukuza wakaparie kwingine, maskini ya Mungu.

Asubuhi ya tatu au ya nne nilikuwa nakaanga mandazi. Ploti ilikuwa kimya. Nikainua macho, nikamwona Mwalimu amekaa na gazeti, kikombe mkononi, amekunja mguu juu ya mguu ametulia kabisa. Kenge alikuwa amemshika kidole kikubwa cha mguu wa kushoto, mdomo umefumba, shingo inavuta na kupumzika, inavuta na kupumzika. Damu ilikuwa inatiririka kwenye akala na kuingia mchangani. Mwalimu akafungua ukurasa.

Nilichokiogopa si kenge peke yake sasa. Niliogopa ule utulivu. Mtu analiwa na anasoma habari za mpira.

"Mwalimu," nilisema mwishowe, "mguu."

"Ndiyo," akanijibu bila kuinua uso. "Amekuja kunisalimu."

Nikatazama juu. Mbingu nyeupe, hata kiwingu hakuna. Ngurumo ya bibi ningeitoa wapi? Nilijua kabisa kwamba nikimpiga yule mnyama atakumbuka fimbo tu na kuuma zaidi. Nilijua kwa sababu Mwalimu alinifundisha, nikitaka nisitake. Nikachukua trei ya mayai. Nilivuka uani kwenda upande wa Mwalimu kwa mara ya kwanza tangu kenge aje, nikiinama chini chini nikitokea ubavuni, nikimwomba Mungu kwa Kiturkana na Kiswahili kwa pamoja. Nikapasua yai mchangani, karibu na pua yake. Hakuna. Nikapasua la pili, nikalisogeza kwa kijiti. Ulimi ukatoka kando ya kidole cha Mwalimu, ukagusa ute. Akaachia. Alikunywa yai taratibu, nami nikakaa chini pale pale.

Hapo ndipo nilipoona kilichokuwa chini ya kidole. Akala ilitobolewa na mwiba wa mathenge, mweusi, mrefu, sijui uliingia mwezi gani. Umepenya tairi, umepenya nyama, na yeye ametembea nao. Kuzunguka pale ngozi ilikuwa imegeuka rangi ambayo sitaki kuieleza. Harufu ilikuwa ile ile niliyoisingizia samaki. Kenge hakuwa anamsalimu Mwalimu. Alikuwa anafuata kilichooza.

Mwalimu alishusha gazeti akatazama. Alitazama kwa muda mrefu sana. Sijawahi kumwona mtu akiogopa namna ile, kimya kimya, uso ukipungua. Alitia mkono kwenye kola, pale sindano ilipokuwa ikikaa zamani, akakuta hamna kitu.

"Viboko viwili," akasema.

Nikamwita kijana wa bodaboda tukampakia katikati, kwenda hospitali, nikiwa nimemkumbatia kwa nyuma mtu niliyemwogopa maisha yangu yote. Alikuwa mwepesi. Hilo pia liliniogofya.

Sasa sehemu yangu ya aibu. Niliporudi kibandani, watu walinizunguka wakiuliza, na mimi nikasema, kenge amemla Mwalimu. Ndivyo nilivyosema. Maneno yakatoka pale yakazunguka Kanamkemer, na jua halijageuka vijana walikuja na mawe. Wengine walisema wampige mpaka afe, wengine wampige halafu wachome banda. Nami nilitaka. Nilisimama pembeni nikiwaza, sawa, amalizike, nilale.

Kilichowazuia ni simu kutoka hospitali. Daktari alitaka kuongea na mtu wa nyumbani, na mtu wa nyumbani nilikuwa mimi. Daktari kijana, anaongea haraka. Aliniambia mguu utakatwa chini ya goti, leo hii. Nikamwambia yule mnyama ndiye sababu. Akasema hapana, Mama. Kidonda kina wiki nyingi kuliko hayo meno, na usaha ulishaanza kupanda. Tungechelewa kumleta siku chache zaidi, angekuwa anaongea nami habari nyingine. Akauliza nani alikigundua.

Nikasimama na simu sikioni, vijana wananitazama na mawe yao. Aliyekigundua alikuwa amejirudia bandani, nyuma ya waya, ulimi unatoka na kurudi. Mimi nilikuwa nimekinusa kabla, nikafunga mlango.

Niliwaambia vijana waweke chini. Sauti yangu ilitoka ya Mwalimu, sijui ilitoka wapi. Wawili waliweka, wengine wakasita, ila waliniahidi kwamba nikimwacha hapo watarudi. Nikajua watarudi. Basi nikachukua lile shati kuukuu, nikasubiri jua limpashe kwanza, nikampa panzi, maana sikuthubutu kukosea hata kanuni moja, nikatia mkono kutokea ubavuni, nikamviringisha. Ngozi yake ilikuwa ya joto na kavu. Moyo wake ulikuwa unadunda kwenye kiganja changu haraka kuliko wangu, na nilishangaa, kwani sikuwahi kufikiri kwamba yeye pia anaweza kuogopa. Nikamtia kwenye katoni ya mafuta ya kupikia. Kijana wa bodaboda akauliza nimebeba nini. Nikamwambia kuku. Katoni ikapuliza, akaendesha kwa kasi bila kuuliza tena.

Nilimwachia kando ya mto Turkwel, penye mikoma minene na mchanga laini wa kuchimba. Alitoka kwenye shati, akasimama. Halafu badala ya kwenda, akanigeukia. Alikuja mpaka miguuni kwangu na kuipapasa kwa ulimi, wa kushoto, wa kulia. Nilisimama bila kupumua. Nilikuwa nangoja kuona kama atarudia. Hakurudia. Aliondoka zake akaingia kwenye vichaka, na mimi nikakaa kwenye mchanga nikaililia miguu yangu mizima.

Mwalimu alipotoka hospitali alichukuliwa na binti yake anayefanya biashara ya vitenge Kakuma, karibu na lango la kambi. Miezi ilipita sikwenda. Niliogopa atakachoniambia, na niliogopa zaidi nitakachomwambia. Mwezi uliopita nikajikusanya nikapanda gari.

Nilimkuta nje ya duka, kwenye kiti cha kamba kile kile, suruali ya kushoto imekunjwa na kubanwa na pini. Amekonda. Kikombe kilikuwa na chai ya rangi, haina sukari. Binti yake ni mkali kuliko mimi, huo ukali aliurithi. Watoto wa kambini walikuwa wanapita, Kiarabu cha Juba, Kisomali, Kiswahili cha Kongo, na kila aliyepita peku Mwalimu alimfokea kwa lugha aliyoweza. Nikasimama mbele yake wima, mikono nyuma.

Aliuliza maswali mawili tu kuhusu mambo yale. Kama kenge alikula kabla sijamwachia. Nikasema mayai mawili na panzi. Akauliza nilimbeba vipi. Nikasema ubavuni, chini chini. Aliitikia kwa kichwa, na kwa mtu huyu hiyo ni zawadi.

Hapo nikamwambia. Nilimwambia kwamba siku ile upepo ulikuwa wa kutoka kwake, kwamba harufu niliisikia mapema kabla ya yote, nikasingizia samaki, nikafunga mlango kwa sababu ya woga. Nilisema nikitazama chini kama mtoto aliyevunja kioo. Nilisubiri viboko viwili, cha kidonda na cha kunyamaza.

Halafu akavua akala ya mguu wa kulia, mguu uliobaki, akauinua kwa mikono yake miwili mpaka kwenye goti. Nikatazama usoni mwake, nikaona tumbo joto lile lile nililolibeba mimi tangu darasa la nne.

"Mimi siusikii," akasema. "Macho yangu nayo hayafiki tena huko chini. Binti yangu ananiambia uko sawa, lakini yeye ananipenda. Wewe nikague."

Nikapiga magoti mchangani. Nilibonyeza kisigino kwa kidole gumba, nikamtazama usoni, nikakumbuka kwamba uso wake hauwezi kuniambia kitu. Nilitenganisha kidole kimoja kimoja. Nikatazama chini ya kila ukucha. Halafu, mbele ya duka, mbele ya watu wa Kakuma waliokuwa wanapita, nikainamisha kichwa nikanusa. Nilisikia sabuni ya kipande, vumbi, na tairi la moto.

"Uko sawa?" akauliza.

"Subiri, Mwalimu," nikasema, nikaurudia tena.